Siku moja maishani mwangu: kutwa na hojaji mtaani Mathare

Saa moja asubuhi. Matatu inanishusha Mathare, Nairobi. Mhudumu wa afya ya jamii ananingoja; bila yeye milango mingi haifunguki.

Saa mbili na nusu. Mama anafua nje. "Uliza tu mwanangu, masikio hayafui." Sehemu ya kwanza ni kauli za kukubali au kukataa. Analala vizuri? Ndiyo. Anakosa usingizi? Ndiyo. Mama huyu si mwongo. Nimeletwa na mtu anayemheshimu, na kumkatalia mgeni mlangoni kwake ni kumvunjia adabu. Wala si tabia ya Mathare pekee: mwanasaikolojia Mmarekani Lee Cronbach alieleza mazoea ya kujibu ya namna hii mwaka 1946.

Kisha tunaingia PHQ-9, maswali tisa ya kupima sonona. Kila swali linauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku hizo, au karibu kila siku, alama 0 hadi 3. Nikifika kwenye usingizi anaacha kufua. "Ngoja nihesabu. Tangu mtoto augue..." Anakunja vidole. Jambo ni lile lile aliloitikia ndiyo mara mbili, ila sasa amepata mahali pa kuliweka.

Saa sita. Chapati na ndengu, haraka.

Saa saba na nusu. Kijana wa bodaboda. Namsomea, naye kila mara anashika chaguo la mwisho. Hutokea sana kwa wanaosomewa; anayejisomea huelekea ya mwanzo. Nampa kadi yenye chaguo zote nne. "Kumbe kuna hii ya pili? Dadangu, turudi nyuma." Tunarudi mwanzo kabisa. Jumla ya 10 ndiyo hutumiwa mara nyingi kuamua nani achunguzwe zaidi, kwa hiyo alama moja inaweza kumpeleka mtu kliniki au kumwacha nyumbani na mzigo wake.

Saa kumi. Ofisini tunabishana: swali la kuridhika na maisha lipimwe 0 hadi 10, au −5 hadi +5? Nawakumbusha utafiti wa mwanasaikolojia Norbert Schwarz na wenzake, Ujerumani, uliochapishwa 1991. Watu waliulizwa kuhusu mafanikio yao maishani. Kwa mizani ya 0 hadi 10, asilimia 34 walichagua 0 hadi 5. Mizani ilipoanzia −5, ni asilimia 13 tu waliochagua nusu hiyo ya chini. Sifuri waliiona kama kukosa mafanikio, −5 kama kushindwa kabisa.

Tumekubaliana kubaki na 0 hadi 10 hadi utafiti uishe. Kadi zinachapishwa usiku huu, kwa herufi kubwa, na kila mhoji atabeba yake.