Trela Tupu, Mafuta Yale Yale

Tangu nihamie Marekani, riziki yangu inatoka nyuma ya pikapu ya petroli: nahamisha vyombo vya watu kwa trela ya boksi. Miezi ya mwanzo niliamini kinachomaliza mafuta ni uzito. Kisha siku moja nikarudi na trela tupu, barabara tambarare, nikajaza tangi na kupiga hesabu: maili 10 kwa galoni. Wakati wa kwenda, nimesheheni makabati na mafriji, nilipata 9. Mzigo wote ule, tofauti maili moja!

Ndugu zangu, tunachokivuta ni upepo. Uso wa boksi umesimama wima kama ukuta, umelipita paa la gari, na mwendo ukiongezeka mara mbili, hewa inakupinga mara nne. Ukishuka kutoka maili 65 kwa saa hadi 55, upinzani huo unapungua kwa zaidi ya robo. Kwa safari ya maili 100 utachelewa dakika 17 hivi. Mimi nazitoa kwa moyo mmoja, na sasa hata nikiwa na mzigo nafika maili 11 kwa galoni. Isitoshe, matairi mengi ya trela yametengenezwa kwa mwendo usiozidi maili 65.

Uzito nao unadai chake, hasa mlimani. Usikanyage mpaka mwisho; acha mwendo ushuke kidogo. Injini ya petroli ikibanwa sana humwagiwa mafuta ya ziada ili isipate joto kupita kiasi, na hayo hayakusogezi popote. Kama gari lako lina kitufe cha hali ya kuvuta trela (tow mode), kiwashe, gia zitulie zisipande na kushuka ovyo.

Kuna na upepo wa matairi. Pima asubuhi yakiwa baridi, ya gari na ya trela. Nikisimama njiani nasogeza kiganja karibu na kila gurudumu la trela. Moja likiwa la moto kuliko wenzake, breki imeng'ang'ania au beringi inakufa.

Petroli ya bei ya juu? Kama kitabu cha gari hakiitaki, pesa yako inapotea bure.

Siku hizi mzigo ukiwa mfupi, boksi linabaki nyumbani. Nafunga trela ya wazi, iliyo chini, na turubai nalikaza lisipepee.