Danjūrō kafa mara ngapi?

Kabuki, yale maigizo ya jadi ya Kijapani, niliingia kwa bahati tu. Usiku usingizi umegoma, video moja ikaleta nyingine, nikajikuta namwangalia Mjapani kajichora mistari myekundu usoni ananitolea macho mpaka nikasogeza simu mbali. Chini wameandika Ichikawa Danjūrō. Haya, nikaanza kumchimba ni nani. Sehemu moja wanasema aliuawa 1704, alichomwa kisu na muigizaji mwenzake ndani ya ukumbi wa Ichimura-za huko Edo, ndo Tokyo ya leo. Sehemu nyingine alijiua Osaka 1854. Nyingine kafa 1903, nyingine Februari 2013, na hiyo video yenyewe ni ya 2022! Nikasema huyu mzee ana roho za paka.

Kumbe Danjūrō sio mtu, ni jina, na waliolibeba wameshafika 13. Kwenye kabuki majina ni kama ngazi, unapanda moja moja. Huyu wa 13 amezaliwa 1977, akapanda jukwaani kama Shinnosuke 1985, 2004 akawa Ebizō, alafu Novemba 2022 pale Kabukiza Tokyo ndo akawa Danjūrō (ilikuwa iwe Mei 2020, korona ikavuruga). Na kwenye onyesho hilohilo mwanawe wa miaka 9 akapewa lile Shinnosuke, yani baba anavua mtoto anavaa, kama shati la kaka mkubwa.

Kupokea jina wanaita shūmei, na kuna kipande chake kinaitwa kōjō ambacho mimi naweza kukirudia hata mara kumi. Hakuna mchezo wowote hapo, waigizaji wamepiga magoti mstari mmoja, mavazi rasmi yenye mabega yaliyokakamaa, vichwa chini, kila mmoja anainua kichwa kwa zamu anamsemea mwenye jina jipya mbele ya watu, wengine wanachomekea na utani. Ikifika zamu ya Danjūrō anafanya kitu cha ukoo wao peke yao, nirami. Anashika kijimeza kidogo cha mbao, anatoa bega moja nje ya nguo, ukumbi unanyamaza kabisa, anazungusha kichwa taratibu, alafu macho yanafunguka kama yanataka kudondoka. Inasemekana ukikaziwa macho namna ile unamaliza mwaka bila kuugua. Mimi nilikaziwa kupitia simu na wiki ileile nikapata mafua, labda lazima uwe na tiketi.

Ila kilichonikaa kichwani zaidi ni majina yaliyokaa bila mtu. Wa 9 alivyofariki 1903, hakukuwa na Danjūrō aliye hai mpaka 1962. Katikati hapo kuna mkwe wake, alikuwa mtu wa benki, akaoa binti wa Danjūrō, akajitosa kwenye uigizaji ukubwani, maisha yake yote hakuitwa Danjūrō hata siku moja, alipokufa 1956 ndo wakampa jina na kumhesabu wa 10. Sijui ni heshima au ni ukatili, mpaka leo nabadilisha mawazo. Na hiyo ni cha mtoto, kuna jina la Sakata Tōjūrō lilikaa miaka 231 bila mwenyewe mpaka mzee mmoja wa zaidi ya miaka 70 akalichukua 2005. Fikiria umeshatengeneza jina lako maisha mazima alafu uzeeni unaliacha ukaanze na lingine!

Damu nayo sio kila kitu kama nilivyodhani. Bandō Tamasaburō wa 5, ambaye kwangu ndo fundi wa kuigiza mwanamke kuliko wote (kabuki kubwa wanaigiza wanaume tu, wanawake walipigwa marufuku 1629), hakuzaliwa kwenye koo hizo. Utotoni aliugua polio, akaingia kwenye dansi, mwalimu wake akamfanya mtoto wa kuasili, 1964 akapewa hilo jina na hajaliacha. Wenzake wanapanda ngazi, yeye kakaa palepale ila ngazi yenyewe ndo imekuwa ndefu.

Sasa kioja cha karibuni, Mei 2025 muigizaji Kikunosuke kawa Onoe Kikugorō wa 8 wakati baba yake, Kikugorō wa 7, yupo hai na jina kabaki nalo. Kikugorō wawili kwa wakati mmoja! Mimi wasiwasi wangu ulikuwa kwa wale mashabiki wa viti vya nyuma ambao mchezo ukinoga wanamrushia muigizaji sauti, sababu kawaida wanaita jina la nyumba, yani la ukoo wa waigizaji, na hao wawili nyumba yao moja, “Otowaya!” Lakini kuna kuita kwa namba pia, “shichidaime!” ni wa saba, “hachidaime!” ni wa nane, kwahiyo baba na mtoto kila mtu anajua anayeitwa ni nani.