Mnada Usio na Dalali: Jinsi Nilivyoziachia Droni Nne Zigawane Kazi Zenyewe

Katika mradi wangu wa shahada ya uzamili nilihitaji droni nne zipige picha katika vituo kumi na viwili vya shamba. Mwanzoni kompyuta moja iliyokaa chini ndiyo iliyogawa kazi, awamu kwa awamu, kwa mbinu ya Kihungaria, hesabu ya kutafuta mgawo wa kazi wenye gharama ndogo kabisa, aliyoichapisha Harold Kuhn mwaka 1955. Mgawo ulikuwa safi, mpaka siku mawasiliano yalipokatika na droni zote zikabaki zikielea palepale zikisubiri amri, hadi betri zikazilazimisha kutua.

Ndipo nilipohamia CBBA (Consensus-Based Bundle Algorithm), algoriti iliyochapishwa mwaka 2009 na Han-Lim Choi, Luc Brunet na Jonathan How wa chuo cha MIT, Marekani. Huu ni mnada usio na dalali: kila droni hujichagulia kazi moja baada ya nyingine, huzifunga katika furushi lake na kutaja dau kwa kila kazi, yaani faida inayoitarajia, kisha hubadilishana na jirani zake orodha ya washindi, madau yao na wakati habari hizo zilipopatikana. Mwenye dau kubwa hubaki na kazi. Si lazima kila droni isikilizane na zote, kwa kuwa habari hupokezanwa kutoka jirani hadi jirani.

Kosa langu la kwanza lilikuwa dogo. Droni iliyozidiwa dau niliifanya iiachie kazi hiyo peke yake, ilhali inapaswa kuziachia pia zote zilizoingia katika furushi baada yake, kwa sababu madau ya hizo yalikokotolewa kwa njia ambayo droni haitapita tena.

La pili lilinila wiki kadhaa. Katika uigaji wa kompyuta, droni mbili zilinyang'anyana vituo vilevile bila kikomo, nami nikaushuku mtandao, nikaushuku hata usawa wa saa zao. Tatizo lilikuwa katika namna yangu ya kuhesabu faida, yaani thamani ya picha ukitoa umbali wa kwenda kuipiga. Kituo cha mbali kilikuwa na faida ndogo, lakini droni ikishakichukua, kituo cha jirani yake kilipanda thamani ghafla, kwani safari ilikwisha kugharimiwa. CBBA huhakikisha maafikiano, na mgawo usiopungua nusu ya ule bora kabisa, pale tu ambapo kuongeza kazi moja hakupandishi faida ya nyingine. Dawa niliipata katika makala ya mwaka 2012 ya Luke Johnson na wenzake: droni ichague kazi kwa faida yake halisi, lakini dau inalolitangaza lisizidi kamwe madau yaliyotangulia katika furushi lake. Kuandika sharti hilo kulihitaji mistari michache tu ya programu, na unyang'anyi ukakoma.

Kwa jaribio la mwisho nilizima kwa makusudi redio ya droni moja ikiwa angani. Nilikwisha kuongeza kanuni kwamba droni isiyosikika kwa sekunde kumi, kazi zake zirudishwe mnadani, na kweli zile tatu zikavigawana vituo vyake. Ile iliyonyamaza nayo iliendelea na ratiba yake, hivyo vituo viwili vikapigwa picha mara mbili. Nimeuacha mfumo ulivyo, kwa sababu picha ya ziada naifuta nikiwa mezani, ilhali iliyokosekana hunirudisha shambani.