Siku nne Lamu na rafiki, kwa kufuata maji

Watu wawili wakienda Lamu na ratiba waliyoipanga Nairobi, saa tatu hiki, saa tano kile, siku ya pili wanaanza kununiana. Boti haijaja, njia ya kwenda Shela, kijiji jirani kando ya bahari, imefunikwa na maji, na yule aliyepanga ndiye wa kulaumiwa. Kosa si la mtu. Amu, kama wenyewe wanavyouita mji wao, huenda kwa kujaa na kupwa, na mgeni akishajua maji yanajaa saa ngapi, yaliyobaki hujipanga yenyewe.

Hesabu yake si ngumu. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa na kupwa ni kama saa sita. Kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kimo ni karibu mita tatu. Wiki moja baadaye ni maji mafu, yasiyojaa sana wala kutoka sana. Wakati wa bamvua, maji hujaa Lamu kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na alasiri, na kupwa kwenye saa nne, saa tano, asubuhi na usiku. Kwenye maji mafu hesabu hugeuka: hujaa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, hupwa jioni. Kwa hiyo kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani ni msaada mkubwa kuliko programu ya hali ya hewa kwenye simu. Tazama mwezi ni wangapi, kisha muulize nahodha yeyote gatini, "Maji yanajaa saa ngapi leo?" Atakujibu bila kutazama popote.

Kufika kuna njia mbili. Basi la asubuhi kutoka Mombasa hupita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, gati lililo upande wa bara, karibu kilomita 340, na hutumia saa saba au nane kwa sababu ya vizuizi vya ukaguzi. Kitambulisho kiwe mfukoni, si ndani ya begi lililo kwenye buti, maana kitaulizwa zaidi ya mara moja, na kabla ya kukata tiketi ulizia hali ya usalama wa barabara wiki hiyo. Mokowe unapanda boti la abiria, nusu saa hivi hadi Amu. Ndege hutua Manda, kisiwa cha jirani, na kutoka hapo ni kuvuka mkondo tu, dakika kumi na kitu. Begi la magurudumu liache nyumbani. Vichochoro vya mji wa mawe vina ngazi, mitaro na mavi ya punda, na ngazi za gatini zikiwa wazi wakati wa kupwa huteleza kwa ukoga. Begi la mgongoni, au umpe hamali na mkubaliane bei kabla hajalinyanyua.

Wapi kulala ndilo jambo la kuelewana mapema. Shela kuna mchanga, upepo na ukimya, na bei ni ya juu. Amu penyewe kuna maisha: adhana, punda, kahawa, watoto wa chuo cha Kurani wakisoma kwa sauti. Rafiki anayetaka kulala hadi saa tatu apelekwe Shela. Anayetaka kujua mji akae Mkomani, upande wa kaskazini, kwenye nyumba ya zamani. Kuta za nyumba hizo ni za matumbawe na chokaa, nene, na dari ni za boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Omba chumba cha ghorofa ya juu. Chini hakuna upepo, na miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, joto hubaki ukutani usiku kucha. Kuanzia Aprili hadi Juni mvua hunyesha na nyumba nyingi za wageni Shela hufungwa, lakini bei hushuka kwa wanaovumilia.

Ukiona birika la maji lenye visamaki, usishangae. Wamewekwa ili wawale viluwiluwi wa mbu, na zamani chini ya birika kulijengewa bakuli la kaure ili maji yakipungua samaki wapate pa kukaa. Maji yenyewe ya mji hutoka visima vilivyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Kuoga dakika ishirini hapa ni ubadhirifu wa wazi.

Siku ya kwanza msifanye kitu. Tembeeni Usita wa Mui, barabara kuu iliyo sambamba na pwani, kutoka Mkomani hadi Langoni na kurudi. Ukisikia "Simile!" nyuma yako, jibanze ukutani kwanza halafu ndiyo ugeuke kutazama, kwa maana punda mwenye shehena ya mawe hana breki. Tazameni milango, na mabaraza ya daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni, ambako wageni wa kiume walipokewa bila kuingia ndani. Ngome ilianza kujengwa mwaka 1813 ikamalizika 1821, ikawa gereza kuanzia 1910 hadi 1984, na leo iko chini ya Makumbusho ya Taifa. Raia wa Kenya mwenye kitambulisho hulipa kiingilio cha chini. Saa moja inatosha, ikiwa pamoja na kupanda juu ya ukuta kuutazama mji kwa mabati na makuti yake. Mji huu uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na anayekaa ndani yake huhitaji kibali hata kubadilisha dirisha.

Jioni kaeni Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome. Kahawa chungu yenye tangawizi, kikombe kidogo, na halwa au kaimati pembeni. Usiku tafuteni mkate wa mofa, unaobandikwa kwenye kuta za tanuri ukatoka na ukoko mgumu nje na ulaini ndani, uliwe na mishkaki moto moto. Ukipoa unakuwa jiwe, kwa hiyo nunueni mmoja mmoja. Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi. Ukichelewa hadi saa tatu utakuta sufuria tupu.

Takwa ndiyo safari inayoharibika mara nyingi. Ni magofu ya mji wa Waswahili ulioko Manda, uliokaliwa karne ya 15 hadi ya 17, ukahamwa. Watu wake wengi walivukia Shela. Kuna msikiti wenye nguzo juu ya kibla na kaburi la mnara ambalo wazee wa Shela wamekuwa wakilizuru kuomba mvua. Tatizo ni kufika. Boti hupita kwenye mkono wa bahari ulio katikati ya mikoko, na mkono huo una maji ya kutosha karibu na kujaa tu. Fikeni saa moja na nusu kabla ya kilele, na muondoke kabla saa moja na nusu baada yake haijapita. Mkizidisha, chombo kitakaa juu ya matope na mtasubiri maji yajae tena, yaani muda wa karibu saa tisa nzima, na mbu wa mikoko wanajua kazi yao. Siku nzuri kuliko zote ni tarehe 12 na 13, au 27 na 28, za mwezi wa Kiislamu: maji hujaa saa nane kwenda saa tisa mchana, mnaenda baada ya adhuhuri na kurudi jua likiwa limelegea. Nahodha akikwambia "wakati wowote tu" siku ambayo maji yanatoka, tafuta mwingine.

Bei ya boti ni ya chombo, si ya kichwa. Wawili mtalipa kile ambacho sita wangelipa, kwa hiyo ulizeni nyumbani mlikofikia kama kuna wengine wanaotaka kwenda. Semeni mapema vinavyoingia kwenye bei: mafuta, samaki wa kuchoma, maji ya kunywa, kusubiri. Kiingilio cha Takwa huwa nje ya bei. Kama hamna haraka chukueni mashua ya tanga. Kwa upepo wa kusi mchana hukimbia vizuri, lakini asubuhi na mapema upepo hulala na mtaishia kusukumwa kwa injini mliyosema hamuitaki.

Kwenda Shela kwa miguu ni kilomita tatu, dakika 40 hadi 45, kando ya bahari. Bamvua ikijaa maji hupiga ukuta na sehemu ya njia hupotea. Hapo ama mpande boti la abiria ama mzunguke kwa ndani kwenye mchanga mzito. Siku za bamvua ziko kwa ajili ya asubuhi: maji yametoka, ufuo wa kilomita 12 uko wazi na mchanga ni mgumu wa kutembelea. Nendeni saa mbili, rudini kabla ya saa sita, kwa sababu baada ya nyumba za mwisho hakuna kivuli wala duka. Kuogelea ni bora maji yakiwa yamesimama. Yanapokimbia, hasa mdomoni mwa mkondo, hata anayejua kuogelea huvutwa. Nguo za kuogelea ziishie ufuoni. Ndani ya Shela na Amu, leso kiunoni na mabega yaliyofunikwa vinatosha, kwa mwanamume pia.

Pesa: mashine za benki ni chache na huishiwa fedha mwisho wa mwezi, lakini M-Pesa hupokelewa hata na muuza maji ya ukwaju. Wekeni mfuko mmoja wa pamoja kwa chakula na boti, kila mtu atie kiasi sawa siku ya kwanza, na zawadi kila mmoja anunue kwa fedha zake. Ijumaa maduka hufungwa kuanzia saa sita hivi hadi baada ya sala; panga kulala wakati huo.

Siku ya kuondoka, ulizeni tena maji. Basi la asubuhi Mokowe halingoji, na boti la alfajiri likikuta gati limekauka, abiria hushuka kwenye ngazi za chini zenye ukoga, gizani, na begi mgongoni. Vaeni viatu vyenye kushika.