Mbegu za Pamba Ndani ya Mfarishi

Sindano ya tatu ilivunjika mbele ya watu wapatao arobaini. Ncha yake iliruka ikagonga meza, na mimi niliyekuja kuwaonyesha kwamba cherehani yetu inashona chochote, nikabaki nimeshika gurudumu, mkono unanitetemeka.

Ilikuwa mwaka 2014. Nilikuwa mwonyeshaji wa cherehani wa duka moja la pale Makoroboi, Mwanza mjini. Kazi yenyewe ni ya barabarani. Agosti tunapiga kambi viwanja vya Nyamhongolo kwa ajili ya Nane Nane, tukitoka hapo ni Geita, Magu, Musoma, popote palipo na maonyesho, mnada au mkutano wa vikundi vya akina mama. Watu hudhani mwonyeshaji ni muuzaji mwenye mdomo. Mimi sijawahi kukubali. Mtu ananunua cherehani kwa akiba ya mwaka mzima, anafika nayo nyumbani, anaweka sindano kinyume, inaanza kuruka mishono. Mwezi haujaisha imefunikwa kitambaa na imekuwa meza ya kuwekea ndoo ya maji. Nimeingia nyumba nyingi mno nikaikuta hivyo, na kila mara roho inaniuma.

Siku hiyo tulikuwa tunakwenda Sengerema, kwenye maonyesho ya vikundi vya wanawake vya parokia. Siku hizi kuna daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, na gari linapita dakika chache tu. Wakati ule ilikuwa kivuko, na foleni yake. Tulifika Kigongo alfajiri, upepo wa ziwa unachoma masikioni, akina mama wanapita na mabeseni ya mayai ya kuchemsha na samaki wa kukaanga. Nyuma ya pikapu nilikuwa na cherehani mbili: moja ya umeme pamoja na jenereta dogo, na moja ya miguu, ya chuma, ambayo dereva aliilalamikia njia nzima kwa uzito wake. Nilikuwa nimeivika blanketi kuukuu na kuifunga kamba. Cherehani ikirushwarushwa sana barabarani inaweza kupoteza mpangilio wake, ndoano ya chini inayokamata uzi wa sindano ikachelewa kuuchukua, na hapo hata fundi mzuri anaonekana hajui.

Tulipoingia ukumbini nilisahau kwanza hata kushusha mizigo. Walikuwa wametundika mifarishi kwenye kamba za katani kutoka ukuta hadi ukuta. Kama hujawahi kuona mfarishi wa viraka, ni hivi: juu unaunganisha vipande vya vitambaa, chini unaweka shuka au kitambaa kizima, katikati unajaza kitu cha kuleta joto, kisha unashona tabaka zote tatu kwa pamoja ili cha katikati kisihame. Kule Houston, Marekani, kuna tamasha la kazi hizi tangu miaka ya 1970. Maelfu ya watu hukusanyika, na wenzangu waonyeshaji huzunguka mji hadi mji na mashine zao. Sijafika huko. Lakini nilisimama katika ukumbi ule wa Sengerema, jua linapenya kwenye vitenge, kanga zilizochakaa, mashati na sare za shule, nikaona nimefika penyewe.

Nilianza kama kawaida. Jenereta likawashwa, nikaeleza mkazo wa uzi, nikashona mistari kwenye vitambaa nilivyokata dukani. Vitambaa hivyo hutiwa wanga hadi vinakaa kama karatasi, maana juu yake hakuna mashine inayokosea. Makofi yalipigwa kidogo, ya adabu.

Ndipo akasogea bibi mmoja, kabeba furushi kwenye kanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ni safi. Sasa nishonee hii."

Akafungua. Ulikuwa mfarishi ambao haujashonwa tabaka, umepigwa bandi tu kwa uzi mweusi, mishono mirefu ya mkono. Vipande vya juu vilikuwa mashati ya marehemu mumewe, na kitenge cha Mwatex, kiwanda cha nguo cha Mwanza, alichosema alikivaa siku ya kumbatiza mwanawe wa kwanza. Ndani alikuwa ameweka pamba ya shambani kwake, aliyoichambua mwenyewe kwa mikono, usiku, baada ya kazi. Alikuwa ameshatengeneza mwingine kabla ya huo, akaushona kwa mkono kwenye pembe nne na katikati basi. Alipoufua mara moja pamba yote ilikimbilia upande mmoja ikawa mabonge. "Kama mawe ya Mwanza," akasema, akakunja ngumi kunionyesha. Hakuweza tena kuulalia.

Dukani tulikuwa na amri moja: kazi ya mteja haipandi kwenye mashine ya maonyesho. Ikiharibika, watu watakumbuka kuharibika. Naielewa sababu yake. Lakini bibi alikuwa amesimama pale ameshika mashati ya mumewe, na mimi nimetoka kusema kwa kipaza sauti kwamba mashine hii haichagui kitambaa.

Nikaupokea.

Sindano namba 14 haikufika hata shubiri. Nikaweka namba 16, ikaenda kidogo, ta! Nikaweka 18, ile ya jinzi na turubai, nikijua hiyo ndiyo kubwa niliyonayo, na ikavunjika kwenye mstari uleule. Nyuma nikasikia mtu ananong'ona Kisukuma na wengine wakiguna. Nilizima mashine. Nilitaka kusema pamba yake ni nene mno. Maneno yalikuwa tayari mdomoni.

Badala yake nikapitisha kidole pale sindano ilipokatikia. Chini ya shati, ndani ya ule ulaini, kulikuwa na kitu kigumu kama punje ya harage dogo. Nikakibonyeza. Kikateleza.

"Bibi, humu kuna mbegu."

"Zimo," akajibu bila wasiwasi wowote. "Macho yangu usiku si mazuri."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mbegu ya pamba ina ganda gumu na ni ya mviringo. Sindano ikishuka juu yake kwa kasi ya umeme haipasui, inapinda, inakwenda kugonga bamba la chuma, inakatika. Hata ningeweka sindano nene namna gani, isingesaidia kwa mwendo ule. Nikamwambia dereva azime jenereta. Ukumbi ukatulia ghafla, tukasikia kuku nje. Nikavuta cherehani ya miguu.

Nikawaeleza akina mama ninachofanya, nikigusa kila kitu. Nilegeze kwanza parafujo ya juu inayokandamiza mguu wa cherehani, ili tabaka zisivutwe. Nirefushe hatua ya mshono. Tuchore mistari kwa chaki, kila mstari uachane na mwenzake vidole vitatu, kwa sababu pamba isiyopita kiwandani haina kinachoishikilia isipokuwa uzi wenyewe. Ukiacha nafasi kubwa, maji yataihamisha. Tuanzie katikati twende pembeni, mikunjo ikimbilie nje.

Kisha nikaomba mikono. Walikuja wanne, wakakaa mbele ya mashine, wawili kila upande, wakawa wanapapasa mstari wa chaki kabla haujafika kwenye sindano. Mmoja alifumba macho kabisa. "Hapa ipo," anasema, na mwenzake anaisukuma mbegu kwa kucha, taratibu, mpaka itoke kwenye njia ya mshono. Mimi nakanyaga. Pakiwa na shaka naacha kukanyaga, nazungusha gurudumu kwa mkono, tundu moja baada ya jingine, nasikiliza. Nilijifunza mwenyewe siku ile kwamba sindano inatoa taarifa kabla haijavunjika: inakwama kidogo sana, kama mtu anayesita mlangoni.

Baada ya mistari sita bibi akasema nimpishe.

Hakuwa amewahi kukaa kwenye cherehani. Mara tatu za mwanzo alikanyaga gurudumu likarudi nyuma na uzi ukajisokota chini, maana kikanyagio kinataka mguu mmoja utangulie na mwingine ufuate, si yote miwili kusukuma pamoja. Nikachuchumaa chini ya meza nikamshika visigino, vilivyopasuka kwa udongo wa shamba, nikawa napeleka naye: mbele, nyuma, mbele, nyuma. Dakika kumi hivi. Halafu nikaachia na hakusimama. Alishona mstari mzima kutoka katikati hadi ukingoni, umepinda kama njia ya ng'ombe, bila kuruka hata tundu moja. Ukumbi ulipiga vigelegele, na yeye hakuinua uso mpaka alipokata uzi.

"Wabeja," aliniambia, yaani asante kwa Kisukuma. Basi.

Tulimaliza saa kumi na moja jioni. Siku nzima niliuza cherehani moja, ya miguu, kwa kikundi kilichokuwa kimekaa nyuma. Ya umeme ilirudi Mwanza kama ilivyokuja. Sindano tatu nilizilipia kwenye mshahara, na maneno niliyoambiwa dukani sioni haja ya kuyarudia. Kesho yake nilifungua bamba la mashine ile ya umeme kuisafisha. Meno yanayosukuma kitambaa yalikuwa yamejaa pamba nyeupe iliyoshindiliwa, na katikati yake ganda la mbegu lenye alama ya sindano, mkwaruzo mmoja mwembamba. Nililitoa kwa brashi nikaliweka kwenye kopo la bobini.

Baada ya wiki kama tatu simu ikaita, namba ngeni. Alikuwa bibi, kaazima simu ya mjukuu, anaongea kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto.

"Mwalimu! Nimeufua!"

Moyo ukanipasuka. "Ukawaje, bibi?"

"Nimeuanika kwenye mwamba tangu asubuhi. Nimeupapasa wote, pembe mpaka pembe. Hakuna bonge. Mbegu zimo, nazisikia, kila moja imekaa chumbani kwake."

Nikamuuliza kama umekauka.

"Bado kidogo," akasema, "huku kwenye shati la kola."