Jumapili ya Ajenti

Mwaka 2025 nilipata kibarua cha muda katika kampuni moja ya Nairobi inayosambaza mkate kwa maduka ya mitaani. Wenye kampuni walitaka kununua zana ya uchanganuzi wa data ambayo meneja hahitaji kuifungua mwenyewe: anamwandikia ajenti wa akili unde swali lake, ajenti anaingia kwenye zana, anarudi na jibu. Kazi yangu ilikuwa kukagua nyaraka za zana hiyo. Je, ajenti akizisoma ataitumia sawasawa?

Kwa macho ya binadamu zilikuwa nyaraka nzuri sana, rangi zimepangika, kila hatua na picha yake. Ila ajenti wetu alikuwa akipokea maandishi matupu. Palipoandikwa "bonyeza kama inavyoonekana hapa chini", kwake chini hapakuwa na kitu. Halafu ukurasa mmoja ulihesabu wateja kwa akaunti, mwingine kwa simu walizotumia, na hakuna uliomtaja mwenzake. Duka la watu wawili wenye simu mbili ni mteja mmoja au wawili? Ajenti alishika ukurasa aliotangulia kuusoma, akaendelea bila wasiwasi.

Sikutaka kutoa maksi kwa kutazama tu. Niliandika maswali ambayo majibu yake nilikuwa nimeshayatoa mwenyewe kwa SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, kutoka hifadhidata ya kampuni, nikamuuliza ajenti, kila swali mara kadhaa na kila mara katika mazungumzo mapya, maana ajenti hajibu vilevile siku zote. Kabla sijalinganisha majibu na yangu, niliyachapisha nikampelekea msimamizi wa magari, mama wa makamo ambaye ofisi nzima tulimwita Madam. Niliona ni vyema ayasome mtu anayeijua kazi yenyewe.

Alifika kwenye swali la siku yenye maagizo mengi kuliko zote, akavua miwani.

"Jumapili? Jumapili gani, mwanangu? Jumapili madereva wangu wako kanisani."

"Labda maduka yanaagiza jioni, Madam."

"Jioni wapi! Simu zinaanza kulia usiku wa manane kuamkia Jumatatu, wameuza mkate wote wikendi. Ikifika saa kumi, gari la kwanza limeshatoka Industrial Area."

Nilirudi mezani nikayapanga maagizo kwa saa. Msongamano wote ulikuwa kati ya saa sita na saa tisa usiku. Zana ilikuwa ikifunga siku kwa UTC, saa za kimataifa, nasi Kenya tuko mbele kwa saa 3, kwa hiyo siku yake mpya ilianza kwetu saa tisa usiku. Maagizo ya alfajiri ya Jumatatu yalikuwa yakiingizwa kwenye Jumapili. Jibu langu la SQL, lililohesabu kwa saa za hapa, lilisema Jumatatu.

Je, nyaraka zilisema hivyo? Zilisema, sentensi moja, kwenye ukurasa wa kuhamisha data, mahali ambapo mtu anayetafuta hesabu za kila siku hana sababu ya kupita. Na ajenti huyu aliunganishwa kwa MCP, itifaki ya kuunganisha ajenti na zana ambayo kampuni ya akili unde ya Anthropic iliitangaza Novemba 2024. Kwa njia hiyo kitu cha kwanza anachokiona ni maelezo mafupi ya kila kitendo anachoweza kuiomba zana. Humo saa hazikutajwa kabisa. Kilichonikera zaidi ni kwamba mara mojamoja ajenti alibahatisha, akaweka saa za Nairobi mwenyewe na kupata Jumatatu. Mkaguzi wa kuuliza mara moja angeweza kuzipitisha nyaraka zile bila kujua.

Kwa majaribio, niliongeza sentensi moja kwenye maelezo hayo mafupi: siku huhesabiwa kwa UTC, isipokuwa umetaja saa za mahali, kwa mfano Africa/Nairobi. Nikauliza upya. Jumatatu, kila mara.

Kwenye kikao cha video, kijana wa kampuni inayouza zana alishikilia kwamba jambo hilo limo kwenye nyaraka na wateja wameishi nalo miaka bila kulalamika. Nilimwamini. Mteja akiona Jumapili kwenye jedwali hushtuka, akampigia mtu simu. Ajenti hashtuki, na hana wa kumpigia.

"Basi weka hiyo sentensi, ndugu yangu," Madam akadakia kutoka nyuma yangu, "mimi nipange magari."

Waliiweka wiki ileile, nasi tukatia saini. Madam akaja na swali lake la kwanza: "Muulize huyo mtu wako kwa nini mkate wa Ijumaa unarudishwa sana."

Nilifungua ukurasa wa bidhaa zinazorudishwa nione ajenti atasoma nini. Ulikuwa na picha tatu kubwa, safi kabisa, na kichwa cha habari.