Alama 53 na saa iliyobaki nyuma

Ijumaa asubuhi mwalimu wa taaluma alisimama mezani kwangu akitaka alama za Fizikia za Kidato cha Pili B. Nikamwambia ziko tayari, nikafungua faili mbele yake. Majina 84 yote yapo, lakini alama zinaishia kwa mwanafunzi wa 31. Kutoka hapo kwenda chini ni visanduku vitupu.

Zile 53 zilizobaki nilikuwa nimeziingiza jana yake, hapo hapo ofisini, kipindi ambacho sina darasa. Nakumbuka hata mwanafunzi wa mwisho kwenye orodha, kwa sababu alipata 78 na nikafurahi. Muhula uliotangulia alikuwa na 40. Basi alama ya mtoto niliyemfurahia hivyo imekwenda wapi? Mwalimu wa taaluma aliniambia tu, "Pole mwalimu, nipe Jumatatu." Usiku ule na uliofuata nilirudia karatasi moja moja. Bahati nilikuwa bado sijawarudishia wanafunzi majibu yao.

Kwanza niliamini nilisahau kuhifadhi. Sasa najua nilihifadhi vizuri, na kwamba aliyezifuta ni mimi, kwa mistari miwili ya amri niliyoiandika mwenyewe na kuiamini kwa miaka. Naandika haya kwa walimu wenzangu na yeyote mwenye kompyuta ya mifumo miwili, kwa sababu hitilafu hii haitoi onyo lolote.

Kompyuta yangu mpakato ina mifumo endeshi miwili, Windows na Ubuntu (ambayo ni aina ya Linux). Windows naitumia shuleni, kwa ajili ya printa ya ofisi na fomu za matokeo zilizotengenezwa kwa Excel. Nyumbani natumia Ubuntu: huko ndiko naandaa majaribio na kuchora mizunguko ya umeme, na ndiko nawafundishia vijana wachache lugha ya programu ya Python siku za Jumamosi. Mafaili ya kazi yanakaa kwenye sehemu ya tatu ya diski, yenye muundo wa NTFS, ambayo mifumo yote miwili inaisoma na kuiandika. Na nina diski ya nje ya akiba. Kila jioni, nikiwa Ubuntu, nilikuwa naendesha rsync, programu ya kunakili mafaili, kwanza kutoka akiba kwenda kazi, kisha kutoka kazi kwenda akiba:

rsync -au /media/akiba/ /media/kazi/
rsync -au /media/kazi/ /media/akiba/

Herufi ya kuangalia hapo ni u. Inaiambia rsync: ukikuta faili la kule unakopeleka ni jipya kuliko hili, liache kama lilivyo. Kwa hiyo pande zote mbili zinabaki na faili jipya zaidi. Ndivyo nilivyofikiri. Lakini rsync haijui kazi ipi imefanyika baada ya ipi. Inachokiona ni saa iliyoandikwa kwenye faili, na saa hiyo inatoka kwa mfumo uliolihifadhi.

Ijumaa ile ile, kengele ya chai ilipolia saa nne, macho yangu yaliangukia kwenye kona ya chini ya skrini. Windows inasema 07:00. Nikatazama simu: 10:00. Nikafungua taarifa za lile faili la alama. Ndipo nikaielewa Alhamisi yote.

Alhamisi sina vipindi vya asubuhi. Nikiwa nyumbani, Ubuntu, niliingiza alama 31 na kuhifadhi saa 11:20, nikaendesha rsync, nikaenda shule. Nikawasha Windows, nikamalizia zile 53, nikahifadhi saa 13:50. Ila Windows iliamini ni 10:50, ikaandika hivyo kwenye faili. Jioni rsync ikalinganisha: faili la akiba ni la 11:20, la kazi ni la 10:50. La akiba ndilo "jipya". Mstari wa kwanza ukalichukua faili lenye alama 31 na kulifunika lenye 84. Kila programu ilitimiza ilichoagizwa.

Jumamosi niliipeleka kompyuta kwa fundi mmoja pale Ngamiani, hapa Tanga. Akasikiliza kidogo tu, akasema, "Betri ya saa hiyo, mwalimu. Imechoka." Akafungua kwa bisibisi, akatoa ile CR2032 iliyo kama sarafu, akaweka mpya, akairekebisha saa, nikalipa. Nilipofika nyumbani nikaingia Ubuntu, kisha Windows, na Windows ikawa nyuma vile vile. Jumatatu nilichukua multimita ya maabara nikaipima ile betri ya zamani: volti 3.04. Haikuwa na ubaya wowote.

Na hapa nilipaswa kujua mapema, maana ni jambo ninalolifundisha. Betri ikifa, saa husimama, au hurudi kwenye tarehe ya kiwandani, au huchelewa leo dakika nane na kesho arobaini. Yangu ilikuwa nyuma saa tatu kamili. Jana saa tatu, leo saa tatu, bila dakika kuzidi wala kupungua. Kosa lenye ukubwa usiobadilika halitoki kwenye kifaa kinachokufa, linatoka kwenye namna ya kusoma. Na sisi Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele ya UTC, ule wakati wa dunia ambao majira mengine yote yanahesabiwa kutoka kwake.

Ndani ya kompyuta kuna chipu ndogo ya saa inayoendelea kutembea hata umeme ukiwa umezimwa. Betri ile ni yake. Kompyuta za ukoo wa IBM zina chipu ya namna hiyo tangu IBM PC AT ya mwaka 1984. Inahesabu mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde, ila hakuna mahali inapoandika kwamba hiyo ni saa ya Tanga au ya UTC. Hilo inauachia mfumo uamue. Windows, isipoambiwa vingine, huisoma kama saa ya hapa ulipo. Ubuntu huisoma kama UTC, halafu inaongeza saa tatu zetu kabla ya kukuonyesha.

Mtu wa pwani hahitaji maelezo marefu hapo. Mshale ukiwa kwenye 1 mchana, mimi nasema saa saba, mgeni wa Ulaya anasema saa moja. Saa ukutani ni hiyo hiyo moja na hakuna anayeita fundi, kwa kuwa kila mtu anajua mwenzake anahesabu kutoka wapi. Sasa mpe kila mmoja ruhusa ya kuusogeza mshale ili ufuate hesabu yake, uone kama kuna atakayefika kazini kwa wakati.

Na mifumo hii kweli inausogeza mshale. Ubuntu ikipata intaneti inaulizia saa sahihi, na ikishalingana, kiini cha Linux huiandika upya ile chipu kila baada ya dakika 11. Nyumbani huwa naunganisha kifurushi cha simu, kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa naondoka na chipu iliyoandikwa UTC. Ofisini hakuna intaneti, kwa hiyo Windows haikupata pa kuulizia. Mwenye waya wa intaneti mezani anaweza kukaa miaka asione tatizo hili, maana kila mfumo unaweza kujisahihisha kimya kimya baada ya kuwaka.

Dawa ni mbili, na ni moja tu inayotakiwa. Mimi nilitumia zote mbili.

Jumatatu usiku niliingia Windows kama msimamizi, nikaiambia kwenye rejista yake, yaani hifadhi ya mipangilio yake, isome chipu kama UTC:

reg add "HKEY_LOCAL_MACHINE\System\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation" /v RealTimeIsUniversal /d 1 /t REG_DWORD /f

Wakati huo nilikuwa pia nimemwandikia kijana niliyemfundisha, sasa anasoma chuo Dodoma. Jumanne akajibu: "Shikamoo mwalimu. Hilo dogo, ingia Ubuntu uandike timedatectl set-local-rtc 1." Nikamwitikia marahaba, nikashukuru, nikaandika. Amri yake ni sahihi kabisa: inaiambia Ubuntu iweke saa ya hapa kwenye chipu, kama Windows inavyopenda. Ila sikumwambia kwamba Windows nayo nimeshaibadilisha. Jumatano ofisini Windows ikawa mbele saa tatu. Kila mfumo ulikuwa umehamia hesabu ya mwenzake.

Nikaacha kuandika amri. Nikachukua daftari nikafanya kama tunavyofanya maabara: safu ya simu, safu ya BIOS (programu ya ndani inayowaka kabla ya mfumo), safu ya mfumo, na kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati. BIOS ndiyo shahidi mzuri kuliko wote, kwa sababu inakuonyesha chipu ilivyo kabla mfumo wowote haujaitafsiri. Nikazima intaneti, nikatoka Ubuntu, nikaingia BIOS: simu 09:15, BIOS 09:15. Nikaingia Windows: 12:15. Hapo hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza angesema aliyeongeza tatu ni nani.

Nilirudisha upande wa Ubuntu kwa timedatectl set-local-rtc 0, nikaiacha Windows kwenye UTC. Ingekuwa kinyume chake pia ingefanya kazi. Maonyo mengi dhidi ya kuweka saa ya hapa kwenye chipu yanatokana na nchi zinazosogeza saa mbele na nyuma kila mwaka, ambako mifumo miwili inaweza kuisogeza mara mbili. Sisi hatusogezi. Nilichagua UTC kwa sababu nyingine: mara kwa mara nawasha kompyuta kwa flashi ya Ubuntu kuokoa mafaili ya wenzangu, na flashi hiyo nayo inaisoma chipu kama UTC. Sikutaka mgeni wa tatu mwenye hesabu yake.

Ukitaka kujua yako iko wapi, andika timedatectl peke yake Ubuntu uangalie mstari wa RTC in local TZ (RTC ndiyo ile chipu ya saa). Ukiwa no, Ubuntu inatumia UTC. Kabla ya hapo hakikisha majira yenyewe yako sawa. Kwenye orodha ya Windows usitafute Dar es Salaam, chagua Nairobi, UTC+03:00. Ni saa ile ile.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa huenda nalo likakusumbua. Tangu Windows 8, ukibonyeza kuzima, mara nyingi mfumo hauzimiki wote. Kiini chake kinalazwa kwenye diski ili kesho kiamke haraka. Ubuntu ikiikuta diski iko hivyo hukataa kuandika humo, na inafanya vyema. Nilishalizima hilo zamani kwa powercfg /h off, bila kujua kwamba kukataa huko kungeweza kuziokoa alama zangu.

Ile mistari miwili ya rsync nimeifuta. Sasa nakala inakwenda upande mmoja, kutoka kazi kwenda akiba, bila u, na faili la zamani halifutwi. Linahamishiwa kwenye folda yenye tarehe ya siku hiyo kwa --backup na --backup-dir. Inakula nafasi zaidi na nimekubali.

Jumatatu iliyofuata ofisini: simu 10:41, Windows 10:41, BIOS 07:41. Hiyo ya BIOS ndivyo inavyotakiwa iwe. Nimebandika karatasi chini ya kompyuta, kwa fundi yeyote atakayeifungua siku nitakapokuwa sipo: "Saa ya BIOS ni ya UTC. Tafadhali usiirekebishe."